Mbwa Mwitu Aliyefungwa kwa Hila

Katika Ulaya na Amerika wako watu siku hizi wanaoirudia miungu ya kale ya nchi za Kaskazini, yaani Odin, Thor na wenzao. Katika Iceland walianzisha chama mwaka 1972, wakiongozwa na Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima na mtunga mashairi. Mwaka 1973 serikali ikakitambua kuwa dini. Lakini kati ya wafuasi wa miungu hiyo, katika nchi mbalimbali, wamo wachache wanaomheshimu hata adui wa Odin, mbwa mwitu mkubwa aitwaye Fenrir. Humwita kwa jina na kumtolea kinywaji. Husema kwamba ndiye mlinzi wa watu walioonewa. Wenzao wengi wanawakatalia kabisa. Basi, tuulize: je, hadithi yenyewe inawapa haki?

Mbwa mwitu wa Ulaya hayupo katika misitu yetu. Sisi twamjua kwa Injili, pale anapotawanya kondoo. Kwa hiyo yafaa kwanza tuisikilize hadithi jinsi ilivyo.

Aliyeiandika kwa urefu ni Snorri Sturluson, mkubwa mmoja wa Iceland, karibu na mwaka 1220. Alikuwa Mkristu, na nchi yake ilikuwa imepokea ubatizo tangu miaka mia mbili na zaidi. Hakuandika ili watu waabudu, bali ili watunga mashairi wasisahau maneno ya wazee wao.

Anasema hivi. Fenrir alikuwa mwana wa Loki na wa mwanamke wa ukoo wa majitu. Miungu wakamlea nyumbani kwao. Lakini alizidi kukua kila siku, hata akabaki mmoja tu aliyethubutu kumlisha, ndiye Tyr. Tena walitabiriwa kwamba mnyama huyu atawaangamiza. Wakatengeneza mnyororo, wakamwambia ajipime nguvu zake. Akaukata. Wakatengeneza wa pili, imara kuliko ule wa kwanza. Akaukata nao. Mwisho wakatuma watu kwa mafundi wafupi wakaao chini ya ardhi, nao wakafanya kamba laini kama utepe wa hariri, kwa vitu sita: mshindo wa hatua za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege.

Fenrir alipoiona kamba hiyo akashuku. Akasema atakubali kufungwa ikiwa mmoja wao atatia mkono kinywani mwake, uwe rehani kwamba hakuna hila. Miungu wakatazamana. Ndipo Tyr akautia mkono wake wa kuume. Mnyama akafungwa, akajaribu kujifungua, asiweze. Wote wakacheka, ila Tyr, maana yeye alipoteza mkono.

Wanaomheshimu Fenrir husimama hapa. Husema: alikuwa hajaua mtu, aliadhibiwa kwa ajili ya utabiri tu. Neno hilo ni kweli, wala hatulikatai. Snorri angeweza kutuambia kwamba mnyama huyu alikwisha kula watu, nasi tungeridhika. Hakusema hivyo. Tena anaeleza kwa nini hawakumwua: hawakutaka kunajisi mahali pao patakatifu kwa damu yake. Waliogopa kumwaga damu, lakini kuvunja neno la rehani hawakuogopa! Hadithi inawahukumu miungu kwa kinywa cha msimulizi wao mwenyewe.

Lakini hadithi haiishii hapo. Siku ya mwisho Fenrir atafunguka, na taya zake zitafika toka nchi hata mbinguni. Atammeza Odin, naye Vidar, mwana wa Odin, atamwua ili kulipa kisasi. Mbwa mwitu wengine wawili, Sköll na Hati, hukimbiza jua na mwezi mpaka wavikamate. Je, huyu ndiye mkombozi wa waliofungwa? Fenrir akifunguliwa, hamfungui mtu mwingine yeyote. Anayeshika nusu ya kwanza ya hadithi na kuiacha ya pili, hajaisoma.

Hata watu wa kale hawakumwelewa hivyo. Odin na Tyr waliachiwa majina ya mahali na ya siku za juma. Waingereza mpaka leo huiita Jumanne kwa jina la Tyr. Lakini mbwa mwitu alikuwa jina la hofu. Katika lugha yao neno *vargr* lilikuwa na maana mbili: mnyama huyu, na tena mtu aliyefukuzwa katika jamaa kwa kosa lake, asiye na wa kumtetea.

Wengine hukosa upande wa pili: humsifu mbwa mwitu kwa meno yake. Hitler alipenda jina hilo, hata makao yake ya vita katika Prussia ya Mashariki yakaitwa Ngome ya Mbwa Mwitu. Hao nao hawakusoma mpaka mwisho. Maana Odin mwenyewe, mungu wa vita, huwalisha mezani pake mbwa mwitu wawili, Geri na Freki, na majina yote mawili maana yake ni mlafi. Huwapa nyama yake yote, yeye akiishi kwa divai tu. Kumbe, aliyemfunga mmoja nje, anafuga wawili ndani! Hapo twaona maana ya hadithi: mwenye kulisha vita nyumbani mwake, vita ndivyo vitakavyommeza.

Wakristu wa kwanza wa asili hiyo hawakuificha hadithi. Katika kijiji cha Gosforth, Uingereza ya Kaskazini, unasimama msalaba wa mawe wa karne ya 10, wenye kimo cha mita 4 na zaidi. Juu yake kumechongwa Kristu aliyesulibiwa, na karibu naye mtu akanyagaye taya la mnyama. Wataalamu wengi husema ni Vidar. Waliweka hadithi ya wazee chini ya msalaba, ili ipimwe huko.

Nasi tuipime kwa hadithi nyingine tuijuayo, ile ya Gubbio. Mbwa mwitu wa Gubbio alikuwa amekwisha kula watu kweli. Fransisko Mtakatifu akamwendea bila silaha, akamtaja makosa yake waziwazi, akamwahidi chakula kwa jina la watu wa mji. Mnyama akatia mguu wake mkononi mwa Fransisko, uwe rehani. Na watu wakatimiza neno: wakamlisha mlango kwa mlango miaka miwili, mpaka akafa kwa uzee. Yule asiye na kosa bado alipewa uongo, na mkono ukapotea. Huyu mwenye hatia alipewa ukweli, na mji ukalala milango wazi.

Kwa hiyo wanaomhurumia Fenrir tusiwacheke; wameona jambo la kweli. Lakini aliyeonewa anastahili haki, hastahili kuabudiwa. Nasi tunapomwogopa mtu kwa yale yanayotabiriwa juu yake tu, tukumbuke mkono wa Tyr.