Kimya cha Paa: Ngano ya Mwalimu Goso na Usomaji wa Sauti Shule Zinapofunguliwa

Utangulizi

Miongoni mwa tungo ambazo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezipa kisogo, hadithi inayosomewa watoto wadogo darasani haina budi kutajwa mwanzo. Tumeandika mengi kuhusu tendi, riwaya na mgogoro wa ushairi huru. Hadithi ambayo mwalimu wa Gredi ya Kwanza huisoma kwa sauti mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, tumewaachia wataalamu wa ufundishaji. Nao huiuliza maswali ya taaluma yao: je, msamiati wake ni wa kiwango kifaacho? Je, mtoto ataweza kujibu maswali ya ufahamu? Haya ni maswali ya haki. Hata hivyo, hayatuelezi kwa nini hadithi moja humfumbua kinywa mtoto mgeni ilhali nyingine humzidishia ububu. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba jibu limo katika umbo la matini yenyewe, na kwamba kulitafuta ni kazi ya mhakiki.

Mazingira ya usomaji huu yanafahamika. Sera ya lugha iliyopendekezwa na Ripoti ya Gachathi ya 1976, na ambayo Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa 2019 haukuitupa, inataka mtoto aanze masomo kwa lugha ya eneo lake. Kwa watoto wengi wa Kenya, basi, Kiswahili cha kitabu ni lugha ya pili au ya tatu. Na hata mtoto wa mjini aliyelelewa katika Kiswahili hukikuta kitabuni kimevaa mavazi mengine. Katika wiki ya kwanza mtoto huyo husikia mengi kuliko anavyoweza kusema. Hivyo, matini ya kwanza anayosomewa humfikia sikioni kabla ya kumfikia machoni, na yapasa ipimwe kwa vigezo vya fasihi simulizi. Ruth Finnegan, katika Oral Literature in Africa (1970), alikwisha kushadidia kwamba tungo simulizi haikamiliki bila utendaji. Mwalimu aliyeshika kitabu mbele ya darasa ni fanani, na wanafunzi wake ni hadhira.

Ngano yenyewe

Tutatumia mfano mmoja. Kisa cha Mwalimu Goso kilipigwa chapa na Edward Steere katika Swahili Tales (1870), mkusanyiko wa ngano za Unguja zenye tafsiri ya Kiingereza ubavuni. George W. Bateman naye akakisimulia kwa Kiingereza katika Zanzibar Tales, kitabu kilichotolewa Chicago mwaka wa 1901. Tunafuata hapa mtiririko wa visa alioutumia Bateman.

Goso huwafundisha watoto kusoma chini ya mbuyu. Jioni moja, akiwa ameketi akitayarisha masomo ya kesho, paa anapanda mtini kuiba matunda. Buyu linaanguka, linampiga mwalimu kichwani, naye anafariki. Asubuhi wanafunzi wanaikuta maiti na kuazimia kumsaka muuaji. Wanaanza kwa kuupiga upepo wa kusi, kwani ndio huangusha mabuyu. Kusi anajitetea: lau angekuwa na nguvu hizo, je, angezuiwa na kiambaza? Wanakiendea kiambaza, nacho kinamtaja panya. Panya anamtaja paka, paka, kamba, kamba, kisu, kisu, moto, moto, maji, maji, ng'ombe, ng'ombe, nzi, na nzi anamtaja paa. Paa anapoulizwa hana la kusema. Wanafunzi wanauchukua ububu wake kuwa ushahidi, na wanamwua.

Takriri na sikio la mtoto

Jambo la kwanza linalodhihirika ni takriri. Washtakiwa kumi wanatoa utetezi wa umbo moja, na kinachobadilika ni kitenzi na mtendaji tu. Tukiupanga utetezi huo kwa maneno yetu, tunapata orodha hii: ningezuiwa, ningetobolewa, ningeliwa, ningefungwa, ningekatwa, ningeunguzwa, ningezimwa, ningenywewa, ningesumbuliwa, na tena ningeliwa. Mwanaisimu atatambua mara moja kwamba ngano imeshikamanishwa na hali ya masharti ya -nge- pamoja na kauli ya kutendwa, mambo mawili ambayo mwalimu wa sarufi hawezi kuthubutu kuyafundisha Januari. Lakini mtoto wa miaka sita akisikia utetezi wa tatu huwa amekwisha kulibaini umbo, na kufikia wa tano anaweza kulikamilisha mwenyewe mwalimu akisita kidogo kabla ya kitenzi. Hapo msikilizaji amegeuka kuwa mshiriki.

Hii ndiyo sababu mazoezi mepesi yanayotokana na ngano hii yana uzito wa kihakiki. Mwalimu anaweza kuwagawia watoto nafasi za kusi, kiambaza na wenzao, kila mmoja akabeba sentensi moja ambayo darasa zima limekwisha kuisikia. Mtoto asiyekijua Kiswahili vyema hatungi chochote. Umbo linambeba kama mtumbwi. Aghalabu, hata hivyo, mhariri wa vitabu vya watoto huiona takriri kuwa upotevu wa kurasa, akawapunguza washtakiwa kumi hadi wanne. Jicho la mtu mzima halitapungukiwa na kitu, kwani limekwisha kuielewa kanuni. Sikio la mtoto litakuwa limenyimwa nafasi sita za kuingia katika usemi. Kwa maoni yetu, ufupisho wa aina hii ni kosa la kifani, na wahakiki wa vitabu vya watoto hawana budi kulitaja kwa jina lake.

Kimya cha paa

Suala la pili ni zito zaidi. Yawezekana kudai kwamba hadithi ambayo mwalimu anafariki na mnyama anauawa haifai wiki ya kwanza, au kwamba mwisho wake ubadilishwe, paa asamehewe. Hoja hii haipaswi kupuuzwa, kwani watoto wengine huingia darasani wakiwa na hofu tele. Lakini tuitazame kejeli ya ngano kwanza. Hadhira ilimsikia paa akipanda mtini. Wanafunzi wa Goso hawakumwona. Kwa hiyo watoto wanaosikiliza wanajua mambo mawili ambayo watoto wa ngano hawayajui: kwamba paa ndiye aliyeliangusha buyu, na kwamba hakukusudia kuua. Wanafunzi wa Goso wanampata mhusika wa kweli kwa ushahidi wa uongo. Washtakiwa kumi waliojua kusema wameaminiwa bila shahidi, kila mmoja akijificha nyuma ya unyonge wake. Anayeangamia ni yule aliyekosa maneno.

Mhakiki akifika hapa hawezi kulisahau darasa lenyewe. Mtoto anayenyamaza katika wiki ya kwanza, kwa kuwa lugha bado ni ngeni kwake, huhukumiwa upesi kuwa mzito wa akili. Ngano hii ikisomwa kwa haraka, kisha yakafuata maswali ya ufahamu kuhusu nani alimtaja nani, itamfundisha mtoto huyo kwamba kunyamaza ni hatia. Lakini mwalimu akisita kabla ya hukumu na kuuliza, "Kama wewe ungekuwa paa, ungesema nini?", hadhira inapewa sauti ambayo ngano imemnyima mhusika. Swali hili, kinyume na yale ya ufahamu, halina jibu moja lililofichwa katika mwongozo. Linaweza kujibiwa kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, kwa lugha ya nyumbani, au kwa kuigiza tu.

Kwa sababu hiyo tunapinga kubadilishwa kwa mwisho. Paa akisamehewa kitabuni, hakuna dhuluma iliyobaki ya kupingwa, na mtoto hana haja ya kumsemea.

Hitimisho

Mtaala wa sasa umeweka kusikiliza na kuzungumza miongoni mwa mada kuu za Kiswahili katika madarasa ya chini. Huo ni mlango uliofunguliwa kwa wataalamu wa fasihi simulizi, ingawa wachache wameupita. Tumeona kwamba thamani ya matini ya kusomwa kwa sauti hutegemea nafasi inazomwachia msikilizaji aingie: katika takriri, katika kejeli na katika kimya. Vigezo hivi vinaweza kutumiwa kupima kitabu chochote kinachopendekezwa kwa madarasa hayo, na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu wangefanya vyema kuanzia hapo. Riwaya tunazozihakiki vyuoni zitasomwa kesho na watoto ambao Januari hii wamesomewa hadithi yao ya kwanza ya Kiswahili, au hazitasomwa na mtu.