Faili zilivyochujwa kabla ya bendera kushushwa

Mkazi wa Kiritiri akitaka kusoma serikali ya kikoloni iliandika nini kuhusu Wilaya ya Embu miaka ya 1950, Nairobi haitamtosha. Sehemu ya majibu imo Uingereza, na sehemu nyingine ilichomwa moto. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Uchujaji wa faili ulikuwa kazi iliyopangwa hatua kwa hatua, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofanywa kwa ustadi kuliko kazi zote za ujasusi wa Waingereza hapa Kenya.

Mwanzoni ustadi huo haukuwepo. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 dhidi ya uasi wa Mau Mau, polisi wa siri, yaani Special Branch, walikuwa wachache na wengi wao walikaa Nairobi. Serikali ilikuwa na bunduki, masikio haikuwa nayo. Mwezi uliofuata mkuu wa MI5, idara ya usalama ya Uingereza, Percy Sillitoe, alikuja mwenyewe, na afisa wake Alex MacDonald akabaki kuisuka upya idara hiyo. Zikaundwa kamati za upelelezi kuanzia makao makuu hadi wilayani.

Habari zenyewe zilitoka kwa watu waliokamatwa. Januari 1954 kiongozi wa wapiganaji Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alitiwa mbaroni na afisa wa Special Branch, Ian Henderson, akamhoji kwa saa 68. Afisa wa jeshi Frank Kitson naye aliwageuza mateka wa msituni, akawarudisha huko wakijifanya bado ni wapiganaji. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa gunia, macho tu yakionekana, walioitwa gakunia. Gakunia akitikisa kichwa, mtu alikwenda kizuizini.

Kiongozi wa Mau Mau Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, na vita vya msituni vilikuwa karibu vimekwisha. Lakini kambi zilikuwa bado zimejaa. Magharibi ya Kiritiri, katika tambarare za Mwea, kulikuwa na kambi za Gathigiriri, Thiba na Kandongu, ambako mahabusu walipigwa mpaka wakiri kula kiapo cha Mau Mau. Juni 1957 mwanasheria mkuu wa serikali, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kueleza jinsi kipigo hicho kingeweza kuwekwa ndani ya mipaka ya sheria. Mtu akishaandika barua ya namna hiyo, lazima siku moja ajiulize nani atakuja kuisoma.

Swali hilo lilijibiwa Mei 1961. Waziri wa makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi za kuiaibisha serikali ya Uingereza, za kuwaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi wa umma na watoa habari, za kufichua vyanzo vya ujasusi, wala zile ambazo mawaziri wapya wangeweza kuzitumia vibaya. Kipengele cha watoa habari nakielewa, kwa kuwa jina moja tu likivuja kijijini lingeweza kumwaga damu. Vilivyobaki vilijificha nyuma yake.

Faili ziligawanywa mafungu mawili. Za Legacy zingerithiwa na Kenya. Za Watch zilipigwa muhuri wa herufi W, na aliyeruhusiwa kuzishika ni mtumishi wa serikali aliye raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Karani Mwafrika aliyezitunza miaka yote hakuhesabiwa. Faili ya Watch ikitolewa katikati ya mfululizo, iliandaliwa faili bandia ya kuziba pengo, ili mrithi asigundue kuwa kuna kilichoondolewa. Za kuchomwa ziliteketezwa hadi majivu, na majivu yakavunjwavunjwa. Palipokosekana nafasi ya kuchoma, ziliweza kufungwa kwenye makasha yenye uzito na kuzamishwa baharini, penye kina kirefu pasipo na mkondo, mbali na pwani kadiri ilivyowezekana. Zilizosalia zilipelekwa Uingereza.

Kenya iliziomba mwaka 1967, ikanyimwa. Ni baada ya wazee wa Mau Mau kufungua kesi ya mateso London mwaka 2009 ndipo serikali ya Uingereza ilipokubali, mwaka 2011, kuwa faili zipatazo 1,500 za Kenya zilikuwa Hanslope Park, kituo cha serikali hiyo huko Uingereza.

Katika kesi hiyohiyo mawakili wa serikali walidai kwamba dhima yoyote ya mateso ilihamia kwa Kenya siku ya uhuru, Desemba 1963. Yaani tulirithi deni, na hati za deni wakaondoka nazo. Jaji McCombe aliiruhusu kesi iendelee Julai 2011, na Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.