Jedwali la Mamboya na msiba usio na safu

Mwaka 1885 ilitoka London *Polyglotta Africana Orientalis* ya Joseph Last, mmisionari wa Church Missionary Society (CMS) aliyewahi kuishi Mamboya, Kilosa. Ina maneno na sentensi 250 kwa lugha na lahaja 48. Mwaka 1886 ikafuata sarufi yake ya Kikaguru. Miaka miwili kabla ya kitabu cha kwanza, mkewe Annie alifia Mamboya.

Kitabu hicho cha kwanza ni jedwali, na ufundi wake ni swali lisilobadilika. Kila lugha inaulizwa yale yale, ndipo majibu yanapolinganishika. Kiswahili kina mtu, watu, kitu. Kikaguru kina munhu, wanhu, chinhu. Jozi moja ingeweza kuwa sadfa. Jozi nyingi za maneno tofauti zinazofuata mkondo mmoja zinaonyesha kanuni ya sauti, na kanuni ndiyo ushahidi wa udugu wa lugha. Mamboya nayo ilikuwa kwenye njia ya misafara kati ya pwani na Mpwapwa, mahali ambapo lugha nyingi zilipita mlangoni.

Swali hilo lisilobadilika lina gharama. Ili majibu yalingane, katika safu aliyejibu anafutwa, aliyeuliza anafutwa, na siku ya kuuliza nayo inafutwa. Jedwali hupangwa kwa lugha, kwa hiyo neno lililoandikwa kabla ya mazishi ya Annie na lililoandikwa baada yake hukaa pamoja bila alama.

Riwaya ya Yaa Gyasi, *Transcendent Kingdom* (2020), inafanya kinyume. Gifty, binti wa wahamiaji wa Ghana walioishi Alabama, anachunguza ubongo wa panya kujua kwa nini wengine hawaachi kutafuta raha hata inapowaumiza. Kaka yake, Nana, alikufa kwa heroini. Mama yake amelala kitandani kwa huzuni. Gyasi hatengi vitu hivi, kila kimoja na sura yake. Anatoka maabara akaingia utotoni, akarudi chumbani kwa mama, hata jaribio lenyewe likasomeka kama swali kuhusu Nana. Nidhamu ya sayansi inabaki, ila anayeuliza haondolewi.

Anayetaka kuandika riwaya ya Mamboya ana kazi ya kupanga upya. Aache safu za lugha, afuate mpangilio wa siku: nani aliulizwa, lini, na muulizaji alikuwa amefiwa au bado. Maneno yatabaki yale yale 250, lakini msomaji ataona ni yapi yalikusanywa na mgane.