Kosa la Victoria: kutoka bandarini kwa sababu bahari ni shwari

Tarehe 22 Oktoba 2009 haikuwa siku ya kung'oa nanga. Natanguliza hukumu ili asiyeipenda afungue ukurasa mwingine mapema. Paul na Rachel Chandler, mume na mke, walitoka bandari ya Victoria kisiwani Mahé, Shelisheli, wakielekea Tanga ndani ya Lynn Rival, mashua yao ya matanga ya futi 38. Usiku wa kuamkia tarehe 23 maharamia wa Kisomali walikuwa wameshapanda. Waliachiliwa tarehe 14 Novemba 2010, baada ya siku 388, mkawaona kwenye runinga wakipitia Nairobi. Mengine yote mnayajua.

Mimi nataka kuongea habari ya kituo chao cha Victoria, si ya utekaji. Vyombo vyetu vya habari vilijaa fidia, bunduki na picha za mama wa watu aliyekonda, lakini sikuona mhariri aliyemtafuta nahodha mmoja wa Lamu au Shimoni amuulize swali la kazi yake: kwa nini siku ile? Ni ugonjwa wetu wa zamani. Bahari ikiingia kwenye habari hukabidhiwa waandishi wa mahakama na polisi, na upepo hautajwi.

Tuutaje basi. Kusi huanza Aprili na hukaza Juni hadi Agosti. Kaskazi huingia Novemba au Desemba na kuisha Machi. Katikati ni maleleji, pepo zisizo na msimamo, na Oktoba imo humo: demani, yaani mkia wa kusi, inakatika, kaskazi haijafika, maji yanalala. Kwa wenye mashua ndogo hakuna raha inayopita hiyo. Sufuria inakaa jikoni bila kuteleza, mtu analala zamu yake hadi mwisho. Ukiipima safari ya Mahé hadi Tanga kwa kigezo cha raha peke yake, Oktoba inashinda.

Hapo ndipo penye kosa. Shwari ile haikuwa ya Lynn Rival peke yake. Kidau cha fiba chenye injini ya nyuma hakifanyi kazi bahari kuu wakati wa kusi kali. Hakipandi wimbi lile, wala aliyemo hawezi kutupa ngazi kwenye ubavu wa chombo kinachoyumba. Ndiyo maana miaka ile mashambulizi yalipungua Juni hadi Agosti na kuongezeka kusi ilipokatika. Maharamia walisafiri kwa misimu kama walivyosafiri babu zetu. Wakichukua jahazi la uvuvi au meli, wanalifanya mama wa vidau, wanakwenda nalo mamia ya maili na kusubiri maji yatulie. Mfugaji wa hapa Loitokitok hahamishi ng'ombe kwa sababu tu njia imekauka na inapitika; huuliza kwanza ni nani mwingine anayepita humo vizuri.

Sasa piga hesabu. Kutoka Mahé hadi Tanga ni karibu maili 980 za baharini. Mashua ya futi 38, upepo ukiwa mzuri, huenda maili tano au sita kwa saa, kwa hiyo ni wiki nzima na ziada. Kwenye maleleji siku huongezeka, ama unachoma mafuta. Kidau cha injini hupita maili ishirini kwa saa. Chombo cha namna ya Lynn Rival hakina mbio za kukimbilia wala bunduki za kupigania. Kinga yake ni kutokuwapo mahali fulani wakati fulani. Kwa maneno mengine, kinga yake ni kalenda, na kalenda ndiyo waliyoiacha gatini.

Watetezi wao hujibu kwamba hayo ni maarifa ya baada ya tukio. Siyakubali, na sababu yangu ina jina: Kota Wajar. Meli hiyo ya makontena, iliyokuwa ikija Mombasa, ilitekwa tarehe 15 Oktoba 2009 kaskazini ya Shelisheli. Hesabu siku: saba kabla ya Lynn Rival kutoka. Tena mwaka huo huo Washelisheli wenyewe walikuwa wametekwa mara mbili, kwenye vyombo vya Serenity na Indian Ocean Explorer. Mji kama Victoria, ambamo kila mtu anamjua shemeji ya mwenzake, hauhitaji taarifa ya jeshi kujua kwamba maji ya nje yameharibika. Na kama hamkuisikia kejeli ya jambo hili, akina Chandler walipochukuliwa walikwenda kuwekwa kwenye meli hiyo hiyo ya Kota Wajar, ikiwa imetia nanga pwani ya Somalia. Onyo walilokuwa nalo mkononi wiki nzima liligeuka nyumba yao.

Wangefanya nini? Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kutoka Julai, kusi ikiwapiga kutoka kushoto kwa nyuma. Wangelowa, wangetapika, sufuria ingeruka, lakini wangekwenda mbio katika bahari ambayo kidau hakiiwezi. Ya pili, kama Julai ilishapita, ni kukaa. Victoria ni bandari nzuri yenye maji, soko na kivuli. Nanga haina aibu. Mabaharia wa kizungu wa siku hizi wana kigugumizi cha kukaa. Wana ratiba, na bandari wanaiona kama kituo cha mafuta. Nimelalamikia hili hapa mara nyingi na nitaendelea.

Wapo pia wanaouliza mtu anayeamka akiutazama Kilimanjaro ana haki gani ya kuzungumzia tanga. Nawajibu kwamba Outward Bound, iliyo na shule yake mjini kwetu Loitokitok tangu miaka ya 1950, ilianzia Aberdovey, Wales, mwaka 1941, na mmoja wa waanzilishi alikuwa mwenye kampuni ya meli aliyetaka mabaharia vijana wajue kuishi baharini. Bahari ilipanda huku zamani, tena kwa miguu.

Turudi kwenye Oktoba, kwa sababu si mara ya kwanza mwezi huu kumkomoa mgeni. Vasco da Gama alikaa Malindi siku chache Aprili 1498, akapewa rubani na Sultani, akatoka tarehe 24 kusi ikianza. Siku zisizofika thelathini alikuwa Calicut. Vitabu vya shule vinamsifu yeye, ilhali kazi ilifanywa na rubani na msimu. (Na rubani huyo hakuwa Ibn Majid, hadithi hiyo naomba tuizike.) Wakati wa kurudi hakungoja mtu. Aliondoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba, katikati ya maleleji. Nahodha ni yule yule na bahari ni ile ile, lakini safari hii ilimchukua karibu miezi mitatu kuiona Afrika. Watu walikufa kwa kiseyeye hata ikabidi merikebu moja, São Rafael, ichomwe kusini ya Mombasa kwa kukosa mikono ya kuiendesha. Angengoja Desemba, kaskazi ingemleta Malindi kwa wiki chache.

Mlinganishe na nahodha Ali bin Nasser al-Nejdi wa Kuwait. Desemba 1938 alitoka Aden na Bayan, jahazi kubwa lisilo na injini, akiwa amejaza abiria hadi juu ya shehena, na Mwaustralia Alan Villiers akiandika kila kitu. Alipita Hafun, pwani hiyo hiyo ya Somalia, akashuka Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, akapakia boriti za mikoko Rufiji, akarudi kwao na kusi. Nejdi hakuwa malaika, na vituo vyake vilikuwa virefu kupita kiasi. Lakini hata uzembe wake ulikuwa ndani ya msimu. Wakati huo bandari ilikuwa sehemu ya safari, na hakuna aliyehesabu siku za gatini kuwa zimepotea.

Yaliyofanywa sawasawa na akina Chandler ni haya: walibonyeza kifaa cha kutuma ishara ya hatari kwa satelaiti, na walipokuwa mateka walishikamana kama mke na mume.

Kuhusu meli ya Waingereza, Wave Knight, iliyoshuhudia wakihamishwa bila kuwaokoa kwa nguvu, nilisema wakati ule na nasema tena kwamba ilifanya sawa. Aprili 2009 makomando wa Ufaransa waliivamia mashua ya Tanit kuokoa familia iliyokuwa ikielekea Zanzibar na mtoto wa miaka mitatu, na baba akafa katika uokoaji huo. Waliokuwa wakipiga kelele kwamba jeshi lingepiga wangeanza na kisa hicho.

Kwa nini nayafukua haya leo? Kwa sababu tarehe 1 Januari 2023 wenye meli duniani waliiondoa Bahari ya Hindi kwenye ramani ya eneo la hatari kubwa, na mashua za familia zimeanza tena kuulizia njia ya huku. Kisha Desemba 2023, kusi ikiwa imelala zamani, meli ya Ruen ilitekwa, ikakaa mikononi mwa maharamia hadi jeshi la majini la India lilipoikomboa Machi 2024. Mwezi mnausoma wenyewe.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye magati na vilabu vya mashua, Kilifi, Mtwapa, Shimoni na Tanga. Wekeni ubao mlangoni, kwa Kiswahili na Kiingereza. Andikeni miezi ya kusi, ya kaskazi na ya maleleji, tarehe na mahali pa shambulio la mwisho, na namba ya simu ya nahodha mmoja wa hapo anayekubali kuulizwa. Mgeni akija kulipa ada ya nanga, asomeshwe ubao kabla ya kupewa risiti.