Sikio la Msaili

Ufundi wa msaili huonekana kabla mwombaji hajabisha hodi. Maswali yameshaandikwa, yote yametoka kwenye kazi yenyewe, na jopo limeshakubaliana jibu la alama moja likoje na la alama tano likoje. Kuna wanaoyaita maandalizi haya urasimu. Kwangu ni heshima. Kijana aliyesafiri kutoka Singida hadi Dar es Salaam kwa ajili ya nusu saa ya usaili ana haki ya kukuta watu waliojiandaa kumsikiliza.

Utafiti nao uko upande huo. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha mapitio ya miaka 85 ya tafiti za kuchagua wafanyakazi, wakaonyesha kuwa usaili wenye mpangilio, ambamo wote huulizwa maswali yale yale, hutabiri utendaji vizuri zaidi kuliko maongezi yasiyo na mwongozo. Paul Sackett na wenzake walipozirudia hesabu hizo mwaka 2022, makadirio mengi yalishuka, lakini usaili wa namna hiyo ukashika nafasi ya kwanza.

Chukua nafasi ya mtunza stoo. Ukimuuliza mwombaji angefanya nini mali ikipungua, utapewa hotuba ya uaminifu. Muulize hivi: "Tueleze mara ya mwisho hesabu ya stoo ilipopishana na leja. Ulianzia wapi?" Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kizito. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo atakupeleka kwenye hati za kupokelea mzigo, kwenye katoni zilizotoka jioni bila kusainiwa, kwenye dereva aliyepigiwa simu. Hapo ndipo usaili unapoanza kuwa mtamu, maana kila jibu linazaa swali la kweli.

Wengi wetu tumelelewa tusijisifu mbele ya wakubwa, kwa hiyo mwombaji atasema "tulifanya" hata kazi aliyoibeba peke yake. Msaili mahiri hamhukumu kwa hilo. Humwambia kwa upole, "Na wewe, ndugu yetu, sehemu yako ilikuwa ipi?" Vivyo hivyo lugha: kama stoo inaendeshwa kwa Kiswahili, kumsaili mtu kwa Kiingereza ni kupima kitu kingine kabisa. Bora umpe kurasa mbili za leja zenye makosa na kalamu, umwache afanye kazi.

Maswali ya ndoa, mimba, kabila na dini yaachwe nje. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamlinda hata anayeomba kazi. "Wewe mtu wa wapi?" ni salamu njema kijiweni, mezani pa usaili inamtia mtu hofu.

Mwombaji akishatoka, kila mjumbe wa jopo aandike alama zake kimya kimya kabla mwenyekiti hajatoa kauli, kwa sababu mkubwa akishasema "huyu anafaa", kalamu za wengine humfuata.

Na wewe mwajiri uliyekwisha kumpata unayemtaka, bado una deni kwa waliokosa. Wapo wanaolala na simu mkononi wakisubiri jibu lako. Waandikie wiki hii hii.