Maji Hayapotei, Huhama

Gari likichemsha kati ya Busia na Tororo, wasaidizi hawakosekani. Dereva hajamaliza kuegesha, mtoto keshafika na dumu la maji, wa bodaboda kasimama kutoa ushauri, na mwingine anasisitiza themostati ing'olewe itupwe mbali. Maji yanatiwa, mvuke unatulia, safari inaendelea. Hakuna aliyeuliza yale ya mwanzo yamekwenda wapi.

Nimemwona mtu mmoja anayeuliza. Ni mzee wa kabila la Jopadhola, fundi wa magari huku Sop Sop, wilayani Tororo, na jina lake nitalihifadhi kwa sababu hapendi kutangazwa. Gereji yake ni kivuli cha mwembe, meza ya mbao iliyoloa oili ya miaka mingi, na magari ambayo watu wa mjini wameshayakatia tamaa. Haanzi na spana. Huanza na maswali, taratibu, kama mkunga anayemhoji mzazi wa mara ya kwanza.

Siku niliyokaa naye, mbele yake palikuwa na pikapu ya Peugeot 504, ya kubeba mihogo mikavu na mtama kwenda soko la Busia. Dereva alikuwa amechoka. Rejeta ilikwisha kuchomelewa, pampu ya maji ilikwisha kubadilishwa, na gereji moja ya mjini ilikuwa imemtajia bei ya kufungua silinda hedi. Gari likaendelea kunywa maji.

"Fundi, badilisha tu gasketi tumalize."

"Ngoja kwanza, ndugu yangu. Linakunywa likikimbia, au likisimama?"

Dereva hakuwahi kulifikiria hilo. Akakumbuka kidogo kidogo: siku za kawaida halina neno, siku ya soko ndipo linapochemsha. Mzee akaitikia kwa kichwa, kisha akasema gari lilale hapo hadi asubuhi. Dereva alinuna. Mzee hakubadilisha neno, maana injini ya moto huficha ushahidi: tone likidondoka linakauka juu ya chuma kabla jicho halijaliona. Kuvuja kwa kweli hutafutwa alfajiri, injini ikiwa baridi.

Alfajiri hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Kabla ya kugusa kingine chochote, aliuminya mpira wa juu wa maji kwa vidole viwili. Mpira uliokaa usiku kucha ukiwa mgumu una habari mbaya, kwamba pumzi ya silinda inapenya kwenye njia ya maji na gasketi imekwisha. Huu ulikuwa laini. Akafungua mfuniko wa rejeta, akaugeuza, akapitisha ukucha kwenye mpira wake mdogo kuona kama umepasuka. Watu huudharau mfuniko huo, kumbe ndio unaobeba mzigo wote. Huku kwetu tuko mita kama 1,200 juu ya bahari, maji ya sufuria yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima ndio unaoyabana yapite nyuzi 100 bila kutokota. Ukilegea, hata injini isiyo na kosa itayatema.

Akainama chini ya pampu, pale penye kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na waliounda gari, ili mpira wa ndani ukichoka maji yatokee hapo na kutoa taarifa. Akakipapasa, akaitazama ncha ya kidole: kavu, hakuna ukoko mweupe wala rangi. Akachomoa kijiti cha oili: oili safi, haijakorogeka na maji. Akafungua plagi zote nne akazipanga mezani kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi inayong'aa peke yake katikati ya wenzake imeoshwa na mvuke. Hizi zote zilikuwa na weusi sawa. Mwisho akaingiza kichwa chini ya dashibodi akanusa. Hakukuwa na harufu ile tamu ya kulanti.

"Maji hayapotei, huhama," alimwambia kijana wake. "Na haya hayahamii ndani."

Ndipo akawasha injini, akaiacha igurume palepale, akafumba macho. Feni ya 504 haizunguki kwa nguvu zake zote wakati wote. Ina sumaku ya umeme ambayo, rejeta ikipata moto, huishika feni, na ikishikwa, mlio wa injini hubadilika. Tulingoja mlio huo. Mshale wa joto ukapanda, feni ikaendelea kuzembea. Chanzo kikaonekana: kipande cha kaboni kinachopeleka umeme kwenye ile sumaku, kadiri ya ncha ya kidole cha mtoto, kilikuwa kimelika hadi hakigusi tena. Barabarani upepo ulikuwa ukifanya kazi ya feni. Siku ya soko, gari likitambaa nyuma ya foleni ya malori ya mpakani, upepo haupo, maji yanatokota, yanausukuma mfuniko na kumwagika barabarani. Wangefungua hedi bure.

Gari hilo halikustahili kudhaniwa bovu hivyo. 504 zilikuwa zikiunganishwa Mombasa, na Kenya iliendelea nazo hadi 2004. Zilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na wazee wa mpakani bado wanawasimulia wajukuu matope ya miaka ile. Tororo nayo ni mji uliolelewa na mvuke: reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipita hapa, na maisha ya reli yalikuwa kuangalia maji na moto kwa zamu. Hapo zamani mtu hakuruhusiwa kutojua maji yako kiwango gani.

Leo tunajivunia kutojua. Tunang'oa themostati, injini isipate joto lake la kufanyia kazi. Tunatia maji ya kisima katika nchi ya mawe ya chokaa, mawe yaliyojenga kiwanda cha saruji cha Tororo, halafu tunashangaa rejeta imeziba. Na liko jambo linaloniuma kuliko yote: maji yakishuka chini ya kihisio, mshale unaweza kushuka nao, kwa kuwa kihisio kimebaki hewani. Nimeona dereva akishukuru Mungu kwamba gari limepoa, na ndani hedi inapinda.

Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini yaliyokwisha kuingia bado yapo, nayo ndiyo yanayobeba mihogo yetu. Mikono inayoyaelewa ndiyo inayokwisha. Hakuna anayetaka kulipia kutazama. Wateja hulipia spea, kwa kuwa spea inaonekana. Kijana mmoja wa mzee amehamia bodaboda. Aliyebaki anatamani ile mashine ya kuchomeka na kusoma makosa, ambayo kwenye 504 haina pa kuchomekwa, na hata kwenye gari jipya haikuonyeshi mpira gani unavuja.

Mzee alikata kaboni kutoka kwenye stata chakavu, akaisugua kwa msasa hadi ikakaa sawasawa, na feni ikashika. Dereva alilipa akilalamika kwamba amepoteza siku nzima kwa kitu kidogo namna ile. Baadaye akaenda kwa fundi mwingine, feni ikakazwa moja kwa moja izunguke wakati wote, mchana na usiku, joto na baridi, ili asisumbuliwe tena. Habari zilipomfikia mzee, aliuliza kama ile kaboni wameihifadhi. Walikuwa wameitupa.