Dhahiri na Batini ya Ukurasa wa Chuo

Ukurasa wa tovuti una dhahiri yake na batini yake. Dhahiri ni ule wajihi unaoyakabili macho, yaani nembo ya chuo, picha ya wahitimu wakirusha kofia, na vichwa vya habari vilivyokolezwa wino; batini ni ule msimbo uliojificha nyuma, ambao mwenye macho yake mawili aweza kuishi umri wake wote asiuone wala asiuhitaji, ilhali mwanafunzi asiyeona, ambaye kompyuta yake humsomea kwa sauti kwa msaada wa programu iitwayo kisomaskrini, hana kingine anachosomewa ila huo. Ndiyo maana ukurasa mmoja huweza kuwa nyumba iliyopambwa kwa huyu na ukuta usio na mlango kwa yule, bila ya mtunzi wake kukusudia uovu wowote.

Katika visa vya namna hii nilivyovifuatilia, chenye mafunzo mengi zaidi ni cha Penn State, chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania huko Marekani, chenye kampasi zaidi ya 20 na idara nyingi zilizozoea kila moja kujitengenezea tovuti yake, kama mwenye nyumba apakavyo mlango wake rangi aipendayo. Mwezi wa Novemba 2010 Shirikisho la Taifa la Wasioona la nchi ile lilikishtaki chuo hicho mbele ya Wizara ya Elimu, na mwenye kuisoma orodha ya malalamiko ataona kwamba washtaki walikuwa watu wajuao walitendalo: walitaja katalogi ya maktaba na tovuti za idara, wakataja ANGEL, mfumo ambao kwa huo walimu walitoa kazi na wanafunzi wakarudisha majibu, wakaingia hata madarasani, ambako meza ya mhadhiri ilikuwa na vidhibiti vya kioo laini kisicho na kitu cha kupapasa kwa kidole, na hawakuisahau tovuti ya benki iliyounganishwa na kitambulisho cha mwanafunzi. Orodha ile ilikuwa siku nzima ya msomi asiyeona, tangu asubuhi atafutapo kitabu hadi jioni aangaliapo akiba yake.

Mnamo Oktoba 2011 pande mbili zilifikia mapatano. Chuo kilikubali kuikagua teknolojia yake, kuweka mpango wa marekebisho, na kuchukua kuwa kipimo ule mwongozo wa kimataifa ujulikanao kwa herufi WCAG, toleo la 2.0, daraja ya AA. Mwongozo huo, uliotolewa Desemba 2008 na W3C, lile baraza linalotunga kanuni za wavuti, hudai mambo manne: yaliyomo yaweze kuhisiwa, yaweze kuendeshwa, yaweze kufahamika, na yawe madhubuti mbele ya programu za kila aina. Maneno hayo ni mapana mno hata hayamfai fundi aliyekwisha keti mbele ya kibodi. Kwa hiyo watu wa Penn State walifanya jambo ambalo mimi naliona la busara kuliko yote, waliyachambua mpaka yakawa orodha ya vizuizi, na vizuizi ndilo jina walilovipa, yale makosa ya kawaida ambayo yakimkuta msomaji humsimamisha njiani, wakakiandika kila kizuizi pamoja na dawa yake, ili karani wa idara asiyejua sheria wala kanuni apate pa kuanzia.

Nichukue kizuizi kimoja nikitazame kwa karibu. Fomu ya kujiandikisha masomo ina visanduku vitatu, na juu ya kila kimoja pameandikwa neno: jina, namba ya usajili, tarehe ya kuzaliwa. Jicho huunganisha neno na kisanduku kwa kuwa vimekaa jirani. Kisomaskrini hakitambui ujirani. Hutambua nasaba, na nasaba hiyo sharti iandikwe katika msimbo, kwa kukipa kila kisanduku kitambulisho chake na kuifunga lebo kwenye kitambulisho hicho. Ikikosekana, sauti husema, "Kisanduku cha maandishi, tupu"; ukibonyeza Tab kwenda mbele husema, "Kisanduku cha maandishi, tupu"; na mara ya tatu vivyo hivyo, hata mwanafunzi akabaki kubahatisha kipi ni cha jina na kipi cha tarehe, katika fomu ambayo kosa moja laweza kumkosesha nafasi. Dawa yake haizidi mstari mmoja wa msimbo kwa kila kisanduku, na mwenye kuona akirudi kesho hataona kilichobadilika. Nadhani hapo ndipo wakuu wengi wa vyuo hughafilika, kwani kazi kubwa hufanyika batini, na mheshimiwa ajaye kukagua hana cha kuonyeshwa.

Jedwali la vipindi lina ugonjwa wa nasaba hiyo hiyo, kwani seli isiyofungwa na kichwa cha safu yake husomwa "saa nne, ukumbi wa pili" pasipo kujulikana ni Jumatatu au Alhamisi. Vichwa vya habari navyo, vikiwa vimekolezwa wino tu bila kutajwa katika msimbo kuwa ni vichwa, humnyima msomaji ile herufi H ambayo kwa kuibonyeza angeruka kutoka sehemu hadi sehemu, akalazimika kuusikiliza ukurasa wote tangu bismillahi. Viungo vya "bofya hapa" sivitaji; anayetaka kujua ubaya wake na ajaribu kusomewa orodha ya viungo kumi na viwili vyenye jina hilo moja.

Hata dhahiri ina hesabu yake. Kwa maandishi ya kawaida, mwongozo hutaka uwiano wa mwangaza baina ya herufi na mandharinyuma usipungue 4.5 kwa 1. Kijivu ambacho mafundi hukiandika 767676, kikiwa juu ya nyeupe, hutoa 4.54 na hupita. Kijivu cha 777777, ambacho macho yangu hayawezi kabisa kukitenga na nduguye, hutoa 4.48 na huanguka. Wako watakaocheka kwa udogo wa tofauti hiyo, na mimi nilicheka, lakini mpaka usipowekwa mahali fulani kila mchoraji atausogeza kidogo kidogo hadi mzee mwenye mtoto wa jicho asiweze kusoma tarehe ya mahafali.

Mambo ya hesabu kama hayo huweza kukaguliwa na mashine. Mojawapo ya mashine hizo, WAVE, ilibuniwa na Leonard Kasday katika Chuo Kikuu cha Temple, katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania, kisha ikalelewa na WebAIM wa Chuo Kikuu cha Utah State. Lakini mashine hujua tu kwamba picha ina maelezo. Haijui kama maelezo hayo ni ya kweli, na picha ya mlango mkuu wa chuo iliyoelezwa kwa neno "picha" huhesabiwa imetimiza faradhi yake. Hapana budi mtu aketi, aweke kipanya kando, aupite ukurasa kwa kibodi peke yake huku akisikiliza. Wala haifai kusingizia gharama, maana NVDA, kisomaskrini kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye ni mtu asiyeona, hutolewa bure.

Liko jambo moja ambalo ukarabati wote huo haungelifikia. ANGEL haukuwa msimbo wa Penn State. Ulinunuliwa, na mnunuzi hawezi kuirekebisha batini isiyokuwa yake. Kwa sababu hiyo mapatano yaliingia katika ununuzi, yakataka chuo kidai ufikivu kabla ya kufungua mkoba, na baadaye ANGEL wenyewe ukaachwa, mahali pake pakashikwa na Canvas. Kwa rai yangu hicho ndicho kiini cha kisa chote. Hati za zabuni za vyuo vyetu zilizopata kunipitia mikononi huuliza bei, usalama na dhamana ya matengenezo; sijakuta iliyouliza kama mfumo waweza kuendeshwa bila kipanya.

Kiko na kinyume chake. Agosti 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikiandikia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwamba mihadhara kiliyoitoa bure kwa umma haikuwa na manukuu ya kuwafaa viziwi, wala haikufaa kwa wasioona. Na Machi 2017 chuo kikatangaza kuziondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000, viziwi na wenye kusikia wakanyimwa sawasawa. Ulikuwa usawa wa aina yake! Mapatano na Wizara yalikuja mwaka 2022, na manukuu ambayo yangetiwa siku ya kurekodi yakawa deni la miaka.

Kwetu sisi kuna kizuizi kingine ambacho Mwingereza hakihisi sana. Kila ukurasa hutangaza lugha yake katika msimbo kwa herufi mbili, na kisomaskrini huzitii herufi hizo katika kuchagua matamshi. Sauti ya eSpeak inayokuja pamoja na NVDA huijua lugha yetu, ila haina budi iambiwe. Juzi niliusikiliza ukurasa wa udahili wa chuo kimoja cha hapa nchini, nisichokitaja, ulioandikwa Kiswahili safi na kutangazwa kuwa Kiingereza. Neno "wake" likasomwa "weik", na waombaji waliotakiwa kufika Same wakaambiwa wafike "Seim". Niliuhifadhi ukurasa ule katika kompyuta yangu, nikafuta "en", nikaandika "sw", nikaufungua upya, na Same ikarudi mkoani Kilimanjaro.